Mwongozo Ulioua Kuku wa Ntobeye

Kila asubuhi ya likizo Diane aliamka kabla malori hayajaanza kunguruma kwenye njia panda ya Nyakanazi. Alichota maji bombani, akamsaidia mama yake kukanda unga wa chapati za madereva, akaosha vikombe. Saa mbili alivuka barabara kwenda dukani kwa Taufiki. Taufiki aliuza dawa na chanjo za mifugo, na nyuma ya duka alikuwa na meza yenye kompyuta ndogo ya kukunja. Hapo ndipo alipoandikia programu zake.

Diane alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Insha zake zilisomwa mbele ya shule nzima. Alilijua hilo, na hata mwendo wake ulionyesha kwamba analijua.

Mwezi huo wa Aprili Taufiki alimketisha pamoja na Naima. Naima alikuwa mdogo wake Taufiki, na alisoma darasa moja na Diane.

"Sikilizeni," alisema. "Kuna programu zinaitwa mawakala wa akili bandia. Wakala anaweza kumjibu mfugaji kwenye simu, kumkumbusha siku ya chanjo, hata kuniagizia mimi dawa, bila mtu kukaa hapa kubofya. Ila wakala hakijui kijiji cha mtu. Lazima aambiwe. Anaambiwa kwa faili la mipangilio, mistari kumi na miwili tu: jina la kijiji, lugha ya watu, namba ya simu ya mchanjaji, siku ya chanjo na mengine. Mimi nimetengeneza chombo cha kusoma faili hilo na kuwapa mawakala. Nimekiita Msomaji."

"Na sisi?" aliuliza Naima.

"Nyinyi mtaandika mwongozo wake. Wafugaji wa kuku wa kijiji cha Ntobeye ndio wataanza kuutumia. Kila mstari mwelezeni mtu aandike nini, akiacha wazi kinatokea nini, akikosea kinatokea nini. Msikisie! Koseeni kwa makusudi, muone Msomaji anafanyaje, ndipo muandike. Chini ya kila maelezo muweke neno moja: Nimejaribu. Mtu wa Ntobeye hatakuwa na mimi pale. Atakuwa na karatasi yenu tu."

Naima alichukua mistari sita ya kwanza, Diane sita ya mwisho. Kila jaribio lilichukua dakika nyingi, na betri ya kompyuta ilikuwa imechoka, haikai bila umeme. Naima alimaliza siku ya tatu. Kuanzia hapo kazi yake ikawa moja tu, kusimama mlangoni.

"Bingwa wa insha!" alisema siku ya nne, duka likiwa limejaa wateja. "Mistari sita unaivutavuta kama unavuta ng'ombe. Au nyie mliokuja na mabunda kichwani mmezoea kutembea polepole?"

"Niache, Naima."

"Nikuache ungoje nini? Wakimbizi walizoea kuletewa kila kitu na gari la msaada. Labda na majibu yataletwa."

Wateja wawili walicheka. Bibi na babu yake Diane walitoka Burundi miaka mingi kabla yeye hajazaliwa. Mama yake alizaliwa hapahapa, na yeye alizaliwa hapahapa. Masikio yaliwaka moto, na vidole vikaanza kukimbia juu ya vitufe.

Ulibaki mstari wa kumi na mbili, siku ya chanjo. Aliuacha wazi, Msomaji akauliza, "Siku ya chanjo ni ipi?" Aliandika tarehe thelathini na mbili, Msomaji akakataa. Lilibaki jaribio moja tu: mtu akiandika maneno badala ya tarehe. Kabla hajabofya, umeme ukakatika na kioo kikawa cheusi.

"Kesho tena?" aliuliza Naima, akitabasamu.

Diane alifikiri haraka. Mstari wa namba ya simu ulikataa maneno, aliujaribu mwenyewe. Huu nao utakataa. Utaachaje kukataa? Alichukua kalamu, akaandika: "Ukiandika maneno badala ya tarehe, Msomaji atakataa na kukuonya. Nimejaribu." Kisha akampita Naima mlangoni kichwa juu.

Mwongozo ulichapwa, ukatumwa Ntobeye. Taufiki alisema, "Umeandika vizuri kuliko vitabu vya serikali." Diane alilala na maneno hayo kwa wiki nzima.

Katikati ya Juni, shule zikiwa zimefungwa tena, Taufiki alipigiwa simu. Alipoikata alimtazama Diane.

"Ntobeye kuku wanakufa. Wanasema wakala hakuwakumbusha chanjo. Kamwombe mama yako ruhusa, twende wote. Sehemu hiyo uliiandika wewe."

Walisafiri kwa basi hadi Ngara mjini, kisha kwa pikipiki wakapanda vilima. Harufu iliwapokea kabla ya watu. Kando ya njia palikuwa na shimo lililochimbwa karibuni, na ndani yake manyoya meupe, mekundu na ya madoa, yamelaliana. Jogoo mmoja alikuwa bado anazunguka peke yake barabarani, shingo imempinda hadi kisogo kikagusa mgongo. Hicho kilikuwa kideri, ugonjwa wa kuku. Kikiingia kijijini hakina dawa. Dawa yake ni chanjo iliyotangulia.

Mbele kidogo walikuta watoto wamezunguka nyumba moja ya matofali. Walikuwa wakipiga makofi na kuimba:

"Evaristi baba simu,
Kaua kuku kwa zamu,
Kichwani hana fahamu,
Asirudi tena humu!"

Mvulana mmoja alirusha kuku mfu mlangoni. Msichana wa rika la Diane alitoka, akamwokota yule kuku kwa miguu, akaenda kumtupa shimoni bila kumtazama yeyote. Wimbo ukamfuata hadi huko, na ukarudi naye.

Msichana huyo aliitwa Claudia. Baba yake, Evaristi, ndiye aliyechaguliwa na kikundi cha wafugaji kutunza simu na kujaza mipangilio, kwa sababu ndiye aliyesoma kwa makini kuliko wote. Taufiki alipoingia kusalimiana na Evaristi, Claudia alimvuta Diane pembeni.

"Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiyo."

"Siku tisa wanatuimbia. Kisimani wananimwagia maji. Jana mama alikwenda kuomba moto kwa jirani, akafungiwa mlango." Alichomoa karatasi zilizokunjwa chini ya kanga yake. "Baba alisoma hii kwa kidole, mstari kwa mstari, siku mbili. Mwenyewe nilimshikia taa. Niambie kweli, baba yangu ni mjinga?"

Diane alizitazama karatasi. Ulikuwa mwongozo wake. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umechafuka kwa alama ya kidole, hasa kwenye mstari wa kumi na mbili.

"Sijui," alijibu.

Saa nane mchana kikundi kilikutana uwanjani kwa mwenyekiti wao, mama Restituta, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukata. Wanachama walikuwa ishirini na sita. Evaristi alisimama katikati yao, simu ya kikundi mkononi, fulana ya kikundi mwilini. Taufiki alitaka kuwasha kompyuta, lakini betri ilikuwa imekufa njiani. Aliichomeka kwenye sola ya mama Restituta, ikaanza kuchaji taratibu.

"Evaristi," alisema mama Restituta, "mweleze mgeni. Mstari wa siku ya chanjo uliandika nini?"

"Niliandika: baada ya maharage."

Taufiki alikunja uso. "Baada ya maharage ndiyo siku gani, mzee?"

"Ni siku yetu," alisema Evaristi. "Huku kwetu maharage yakianikwa uani, kuku hufungiwa ndani wasiyadonoe. Yakiingia ghalani, mchanjaji hupita nyumba kwa nyumba kabla kuku hawajafunguliwa, maana wakishatoka nani atawakamata? Tangu baba zetu tunahesabu hivyo. Mwaka huu maharage yakaingia. Watu wakaniuliza, tumwite mchanjaji? Nikawaambia, tungoje ujumbe. Simu ikikaa kimya, basi siku haijafika."

"Tukangoja!" alipiga kelele mwanamume mmoja. "Kuku mia mbili na kumi na nne wamengoja pia. Wako shimoni wanangoja!"

"Lakini mwongozo ulisema tarehe," Taufiki alisema.

"Ulisema pia ukiandika maneno, kitakataa na kukuonya. Hakikukataa. Hakikuonya. Nikajua kimekubali."

Watu walicheka kicheko kibaya.

"Kilikuonya, hukuelewa!"

"Simu imwonye mtu asiyesikia hata mkewe!"

Taufiki alimgeukia Diane. Macho yote ya uwanja yakamgeukia pamoja naye. "Diane, jaribio lile ulilifanya? La maneno badala ya tarehe?"

Alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Aliiona nafasi hiyo waziwazi, kama mlango ulio wazi. Akaona pia Nyakanazi, Naima mlangoni, wateja wakicheka.

"Ndiyo, kaka," alisema. "Nilijaribu. Kilikataa."

Ikawa imekwisha. Mama Restituta alinyoosha mkono. "Basi, Evaristi, ulionywa, ukapuuza, halafu ukatudanganya. Leta simu. Na ile fulana uivue. Vifaranga wapya wakija, nyumba yako haimo."

Evaristi aliweka simu chini kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai. Akavua fulana. Mbavu zake zilionekana mbele ya watu wote, na alama ya zamani ya kidonda mgongoni. Mzee mmoja akasema, "Hata nyama hana, hao kuku walikuwa wakiliwa na nani?" na watu wakacheka tena. Claudia alikimbia, akafungua kanga yake, akamfunika baba yake mabega, akabaki amemkumbatia.

Mtu mmoja aliwasukuma waondoke. "Tokeni, tokeni."

Diane alisikia sauti ikitoka mdomoni mwake kabla hajaamua kuitoa.

"Mimi ndiye mwongo."

Kelele zikaendelea. Alirudia kwa nguvu zake zote. "Mimi! Sikujaribu! Umeme ulikatika, nikakisia, nikaandika Nimejaribu. Na sasa hivi nimedanganya tena. Huyu mzee hakukosea. Alifuata nilichoandika!"

Taufiki aligeuza uso pembeni, kana kwamba amepigwa. Diane akaanza kulia.

Mama Restituta alimjia hadi wakakaribia kugusana. "Nyamaza, binti. Machozi hayatagi mayai. Kijana, kompyuta yako imeshiba?"

"Bado kidogo, mama."

"Tutangoja. Kila mtu akae. Evaristi, wewe pia kaa. Binti atasimama."

Diane alisimama juani karibu saa nzima. Hakuna aliyempa maji. Watu walimtazama wakinong'onezana, na mtoto mdogo akaanza kuurekebisha wimbo wa Evaristi uingie jina la Diane. Mama wa mtoto huyo hakumnyamazisha.

Kompyuta ilipowaka, Taufiki alimsogezea. "Andika. Baada ya maharage."

Aliandika kwa vidole vinavyoteleza jasho. Akabofya. Watu ishirini na sita waliinama kutazama. Msomaji hakukataa. Hakuonya. Aliuruka mstari ule kimyakimya, akaandika mwishoni: "Mipangilio imesomwa." Basi. Kwa wakala, Ntobeye kilikuwa kijiji kisicho na siku ya chanjo.

"Kosa la programu ni langu," alisema Taufiki, sauti yake ikiwa chini. "Niliisahau njia hiyo. Nisingeweza kuikumbuka mwenyewe, ndiyo maana niliomba watu waijaribu. Jaribio moja, Diane. Dakika tano. Ungeniambia mwezi wa nne kwamba kimenyamaza, ningekirekebisha siku ileile."

Mwanamke mmoja alilia kwa sauti, akaondoka. Mwanamume aliyepiga kelele mwanzoni aliokota fulana ya Evaristi mavumbini, akaikung'uta, akashindwa kumtazama usoni alipompa.

Lakini mama Restituta hakuwa amemaliza. "Evaristi amesimangwa nyumba kwa nyumba," alisema, "kwa hiyo atasafishwa nyumba kwa nyumba. Binti huyu ataingia katika nyumba zote za kikundi, aseme: ni mimi, si yeye. Claudia amwonyeshe njia. Na ninyi mliocheka hapa, mimi nikiwa wa kwanza, tuandae la kumwambia Evaristi. Tulimhukumu mtu kwa neno moja la mtoto, kwa sababu tu lilikuwa limechapwa."

Kazi hiyo ilichukua jioni nzima na asubuhi iliyofuata. Katika nyumba ya nne mwanamke alimsikiliza Diane, akamwachia kuku mfu mikononi, akasema, "Huyu alikuwa analalia mayai. Mpeleke shimoni wewe." Katika nyumba ya tisa walimfungia mlango, ikabidi aseme maneno yake mbele ya ubao wa mlango. Katika nyumba ya kumi na saba kikongwe mmoja alimuuliza, "Una miaka mingapi?" Alipojibu, kikongwe akatikisa kichwa. "Kuku wangu kumi na mmoja walikuwa wadogo kuliko wewe, na wamekufa." Claudia alitembea hatua tano mbele njia yote. Hakumgeukia.

Kwenye kilima cha mwisho Diane alisema, "Claudia, naomba unisamehe."

"Jana nilikuuliza baba yangu ni mjinga," alijibu Claudia bila kusimama. "Ulikuwa unalijua jibu. La kuku naweza kulisahau. Hilo siliwezi."

Wakati huo Taufiki alikuwa amerekebisha Msomaji. Sasa ukiandika maneno kwenye mstari wa siku, anakataa kwa sauti na kusema anataka tarehe. Evaristi mwenyewe alijaza tarehe. Ujumbe wa wakala ukaingia kwenye simu ya kikundi mbele ya macho ya wanachama, na mchanjaji akaanza na nyumba za ng'ambo ya kijito, ambako ugonjwa ulikuwa haujafika. Tone moja jichoni, kuku mmoja baada ya mwingine. Walibaki kuku thelathini na wanane katika kikundi kizima.

Nyumba ya ishirini na sita ilikuwa ya Evaristi mwenyewe. Diane alisimama mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ingia. Keti pale mezani." Alimwekea kalamu na karatasi tupu. "Mstari wa kumi na mbili, uandike upya. Mimi nitauliza kama nitakavyouliza siku ambayo hupo."

Walifanya kazi kwa saa mbili. Evaristi aliuliza kila kitu: mtu akiandika mwaka uliopita? Akiandika tarehe mbili? Diane alijaribu kila swali kwenye kompyuta ya Taufiki kabla ya kugusa karatasi.

"Na mzee asiyejua miezi kwa Kiswahili, akiandika jina la mwezi kwa Kihangaza, lugha yetu ya hapa?"

Diane alifungua mdomo. Jibu lilikuwa limeshafika ulimini, zuri, linaloelekea kuwa kweli. Akalimeza.

"Sijui, baba. Nipe jina la mwezi mmoja tuone."

Evaristi hakutabasamu.

"Mimi sikukusamehe jana, na leo bado," alisema. "Labda nitaweza, labda sitaweza, hilo ni langu. La kwako ni hili, likae nawe hadi uzeeni. Anayeandika mwongozo hamwoni anayeusoma. Msomaji wake yuko kilimani, peke yake, na kidole chake juu ya karatasi, na ameamini kwamba kuna mtu aliyetangulia kupita. Ukimdanganya mtu wa namna hiyo humdanganyi yeye tu, unamfanya naye awadanganye watu wake bila kujua. Kazi ndogo ukiikwepa, kuna mwingine ataifanya kwa jasho lake, na mara nyingi ni mtu asiye na kosa. Kusema sijui kunaumiza kwa siku moja. Umeona kule kujua kwako kwa uongo kumeumiza kwa siku ngapi."

Akamtajia jina la mwezi, herufi kwa herufi, na Diane akaanza kuandika.